Baba na Nyaya Nane

Kompyuta niliinunua Moshi. Ilikuwa ya mezani, nyeusi, imeshatumika, na muuzaji aliniambia ilitoka kwenye ofisi iliyokuwa inabadilisha vifaa vyake vyote. Nilimwamini mara moja kwa sababu herufi A kwenye kibodi ilikuwa imefutika kabisa, na aliyeifuta, nikawaza, lazima alikuwa mtu wa kuandika Kiswahili kutwa nzima. Nikaona hii ni mashine ya ukoo wangu. Nikaifunga kwa kanga mbili, nikapanda nayo basi hadi Same nikiwa nimeipakata kama mtoto mgonjwa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Asubuhi nafundisha ngeli kwa watoto wanaoamini wanazijua tayari. Jioni, kuanzia saa kumi, nafundisha wageni walio nchi za mbali kwa njia ya mtandao. Kazi hii ya pili niliianza kwa simu, nikiiegemeza kwenye kopo la sukari, na wanafunzi wangu walikuwa wakiniona kidevu na matundu ya pua. Ndiyo maana nikatafuta kompyuta.

Mtandao niliupata kwa jirani. Ni mwanamke aliyenizidi miaka michache, ana duka la vitambaa mbele ya kiwanja chetu, upande wa barabara. Nyumba yangu iko nyuma, ng'ambo ya ua. Yeye alikuwa amevutiwa mtandao dukani ili awatumie wateja wake picha za vitenge vipya. Siku niliyomsimulia habari za kopo la sukari alicheka hadi akaishika meza.

"Mwalimu, mimi natuma picha tu," akasema. "Vuta waya, tugawane."

Ilikuwa lazima waya kweli, maana kompyuta ile haikuwa na uwezo wa kunasa mtandao wa hewani. Nikanunua bunda la waya, vichwa vidogo vya plastiki vya kuchomekea, na koleo maalumu la kubania vichwa hivyo. Ndani ya waya wa namna ile kuna nyaya nane nyembamba za rangi, na kila mmoja una nafasi yake ndani ya kichwa. Nilitazama video ya mtu akionyesha, nikaona ni kazi ya kusuka tu, na kusuka naweza. Nikabana kichwa upande huu na upande ule, nikaupitisha waya juu ya ua, ukingoni mwa paa la bafu, nikauingiza dirishani. Taa ya kijani ikawaka nyuma ya kompyuta. Nilipiga vigelegele peke yangu chumbani.

Furaha ile ilidumu hadi somo la kwanza.

Mwanafunzi wangu wa Jumanne na Alhamisi ni mama mmoja mzee, nesi mstaafu, anayeishi nchi ambayo dirishani kwake naona theluji. Binti yake ameolewa na kijana wa Tanga, naye anajifunza Kiswahili ili aweze kuongea na mama wa mkwewe bila mkalimani. Siku ile nilimwuliza habari za nyumbani. Akavuta pumzi, akapanga maneno yake, akasema kwa uangalifu mkubwa, "Mwalimu, leo mume wangu amek..."

Akaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Pembeni mwa kioo ikatokea alama ndogo nyekundu ya kusema mtandao hakuna.

Nikasubiri. Amekufa? Amekwenda? Amekimbia? Niliketi mbele ya uso ule uliosimama kwa karibu robo saa, nikitafuta namna ya kutoa pole ambayo isingekuwa aibu iwapo mume ni mzima. Aliporudi alikuwa bado anatabasamu.

"Amekaanga samaki," akamalizia.

Kuanzia siku hiyo mtandao wangu ukawa na tabia. Ujumbe wa maandishi ulipita. Barua pepe zilipita. Lakini nikifungua picha ya mtu anayeongea, ulikwenda dakika tano, ukakwama, ukarudi, ukakatika kabisa, ukarudi tena kana kwamba hakuna lililotokea. Dukani kwa jirani simu zake zilikuwa hazina shida yoyote. Mtuhumiwa wangu alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mezani kwangu bila herufi A.

Nilimpigia muuzaji wa Moshi. Mara ya kwanza aliniambia nizime, niwashe. Mara ya pili alinielekeza nitafute mpangilio wa kuokoa umeme, akaeleza kuwa kompyuta za maofisini mara nyingi hupangwa zilaze sehemu ya mtandao zikiona haina kazi. Nikautafuta, nikaupata, nikauondoa. Siku mbili ikawa nzuri, au nilijiambia ni nzuri. Ya tatu ikarudia mambo yake. Halafu nikagundua mwenyewe kwamba tundu la kuchomekea waya nyuma ya kompyuta limelegea. Kichwa kikiingia hakikushika, kilicheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Nikakipachika njiti ya kiberiti kama kabari. Kikashika. Nikashangilia tena. Alhamisi yule mama wa theluji akaganda akiwa katikati ya chafya.

Mara ya tatu nilimpigia muuzaji nikiwa nimekunja uso, nikamwambia nitairudisha mashine yake.

"Mama," akasema kwa upole, "nyie Wapare kwa kesi! Hebu angalia kwanza waya."

"Waya ni mpya!"

"Sawa, mama."

"Na nimeupima!"

Nilikuwa nimeupima kweli. Shuleni kwetu kuna kijisanduku cha kupimia nyaya za mtandao. Unachomeka ncha mbili za waya, na taa zinawaka moja baada ya nyingine, kuanzia ya kwanza hadi ya nane. Zangu ziliwaka zote nane, kwa mpangilio, bila kuruka. Nilimweleza hayo kwa sauti ya mtu aliyeleta shahidi mahakamani. Akaniambia atafikiria, akanitakia siku njema.

Ndipo baba akashuka kutoka Mhezi, kijijini kwake milimani.

Alikuja kwa ajili ya macho, hospitali ya hapa Same, na alikusudia kukaa siku mbili. Baba ni mstaafu wa reli. Sisi watoto wake tulizaliwa Lembeni, kwenye nyumba za wafanyakazi, na tulichojua kuhusu kazi yake ni kwamba ilikuwa "ya laini". Aliondoka asubuhi na mfuko wa turubai begani, akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Wakati mwingine hakurudi kwa siku tatu. Sikuwahi kumwuliza anafanya nini huko. Alipostaafu alipanda zake Mhezi kwa mama, akawa mkulima wa maharage, na habari za laini zikaisha.

Daktari alimtia dawa ya matone, akamkataza jua siku hiyo. Kwa hiyo saa kumi jioni alikuwa ameketi kwenye kitanda changu, mgongo ukutani, akinisikiliza nikifundisha. Mama wa theluji alikuwa anaeleza alivyopika wali. Alipofika kwenye chumvi, akaganda.

"Amepatwa na nini?" baba akauliza.

"Hajapatwa na kitu, baba. Ni mtandao umekatika."

"Umekatika au umedhoofika?"

"Kwani tofauti yake nini?"

Akanitazama kwa macho mekundu ya dawa. "Mwalimu mzima," akasema. Kisha akajisogeza ukingoni mwa kitanda. "Laini iliyokatika ni rahisi. Unatembea mpaka unapokuta imekatika, unaunga, unarudi nyumbani. Inayosumbua ni ile inayosikia na haisikii. Hiyo inataka daftari."

Nilidhani ni maneno tu. Kumbe alitaka daftari kweli. Keshokutwa yake, Jumamosi, alinikalisha mbele ya kompyuta asubuhi nzima, nikafungua kitu kimoja kimoja, na kila mtandao ulipokatika nikaandika saa, ninafanya nini, na nini kingine kinaendelea nyumbani. Alitaka kujua kama upepo unavuma, kama jirani amewasha friji, kama pasi iko moto. Nilimwambia mtandao haujui habari za pasi. Akaniambia niandike tu. Hadi saa sita kurasa mbili zilikuwa zimejaa, na baba akaniagiza nimsomee tangu mwanzo, maana yeye macho yalikuwa bado hayajatulia.

"Umeona?" akasema nilipomaliza. "Mzigo mwepesi unapita. Mzito unaanguka. Upepo haumo. Pasi haimo. Upande wa kule kuna nini?"

"Ruta ya jirani. Ndiyo inayotoa mtandao."

"Na huku?"

"Kompyuta."

"Katikati?"

"Waya."

"Basi ondoa katikati."

"Naondoaje katikati, baba? Mtandao utafikaje?"

"Mtandao hauna miguu," akasema, "lakini wewe unayo. Ichukue mashine, ipeleke kule kwenye ruta."

Ilikuwa akili ya wazi kiasi kwamba niliona haya. Nilikuwa na somo la ziada jioni hiyo na mama wa theluji, kulipia lile lililokatika. Jirani akatoa toroli lake la kubebea majora. Tukaweka kompyuta juu ya mto, kioo chake nikakibeba mimi kifuani, na baba akatangulia kufungua milango kama anaongoza bibi harusi. Dukani tukaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, kati ya mkasi na rula ya mbao, tukaichomeka kwenye ruta kwa ule waya mfupi uliokuja ndani ya boksi la ruta.

Lile lilikuwa somo bora kuliko yote niliyowahi kufundisha, ingawa sikufundisha chochote nilichopanga. Mama wa theluji alipotokea kioo kizima, safi, akaona nyuma yangu ukuta wa vitenge, akapiga makofi. Kulikuwa na wateja wanne dukani. Kila mmoja alitaka kumsalimu.

"Hamjambo?" akasema.

"Hatujambo!" duka zima likaitikia.

Jirani akamwonyesha jora la kitenge chekundu na kumwuliza kama huko kwao linavalika. Mama akasema, "Linavalika, lakini nitakufa kwa baridi," na sentensi ilikuwa sahihi yote, nikataka kulia kwa fahari. Kisha akamwona baba, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, kofia magotini.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba," baba akajibu kwa utulivu. Halafu akaniinamia. "Huyu mama ana umri gani?"

Nikamwuliza. Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Sabini na sita," akasema.

Baba ana sabini na tatu. Alisimama, akaiweka kofia kitini, akakisogelea kioo.

"Basi mimi ndiye nimekosea," akasema. "Shikamoo, mama."

Mama wa theluji hakujua la kufanya. Alikuwa amefundishwa kutoa shikamoo. Kuipokea hatukuwa tumefika. Alinitazama mimi, akamtazama jirani, na jirani akamtamkia polepole bila sauti, akivuta midomo: ma-ra-ha-ba. "Marahaba!" akapaza sauti, kwa furaha kama ameshinda bahati nasibu, na wateja wakapiga vigelegele. Tuliongea saa nzima na dakika ishirini. Hakuganda hata mara moja.

Tulipokata, baba akavaa kofia yake. "Mashine nzima," akasema. "Ruta nzima. Kumebaki nini?"

"Waya," nikasema kwa shida. "Lakini waya ni mpya, baba. Na nimeupima. Taa zote nane ziliwaka."

"Taa inakuambia kengele inalia. Mimi nimekuwa na simu zinazolia vizuri sana, na ukiinua husikii mtu."

Sasa, nisije nikamfanya baba malaika. Jumapili baada ya ibada aliukagua waya wote kwa macho, toka duka hadi dirisha langu, akasimama chini ya paa la bafu na kutangaza kwamba amepata ugonjwa. Pale waya wangu ulikuwa umelala sambamba na waya wa umeme uendao bafuni. "Hauwezi kulala na umeme kitanda kimoja," akasema. Alikuwa na uhakika wote. Nikapanda ngazi, nikang'oa misumari, nikauhamisha waya hadi ukuta wa pili, yeye chini akiniamuru kushoto, kulia, si hapo, na jirani akituletea chai na kutoa maoni yake pia. Tulimaliza alasiri, tumeloa jasho. Nikawasha kompyuta, nikafungua video. Ilikwenda dakika sita badala ya tano, ikakwama.

Tulikula makande. Nilimwonea huruma, na nilijua nikimwambia pole atakasirika, kwa hiyo nikamwongezea makande. Alipomaliza akanawa mikono, akasema, "Niletee ule waya mfupi wa dukani. Na wako uchomoe."

Alikishika kichwa cha waya wa dukani mkono wa kulia na kichwa cha waya wangu mkono wa kushoto, akavinyoosha mbali na uso kwa urefu wote wa mikono yake, akakaa vile mlangoni penye mwanga. Plastiki ya vichwa vile inaonyesha ndani. Alikaa muda mrefu.

"Nisomee rangi," akasema hatimaye. "Anza na huu wa kiwandani."

Nikasoma. Nyeupe yenye chungwa, chungwa. Nyeupe yenye kijani. Bluu. Nyeupe yenye bluu. Kijani. Nyeupe yenye kahawia, kahawia.

"Na huu wako?"

Nyeupe yenye chungwa, chungwa. Nyeupe yenye kijani, kijani. Nyeupe yenye bluu, bluu. Nyeupe yenye kahawia, kahawia.

"Huu wangu umepangika vizuri zaidi," nikasema. "Kila mmoja na mwenzake."

"Nani alivifunga vichwa hivi?"

Nilifikiria kusema ni fundi. Ningeweza. Jirani hakuwepo.

"Mimi," nikasema.

Baba akacheka. Sikumbuki alivyocheka zamani, Lembeni, lakini mama huwa anasema alicheka namna ile alipokuwa kijana, kwa mabega kwanza, sauti baadaye. Akaniambia nichukue kipande cha waya uliobaki nikichane ganda. Nikachana. Zile nyaya nane zilikuwa zimesokotwa mbili mbili, kila rangi na nyeupe yake, kama nywele za mtoto.

"Nani amezisokota?"

"Zimetoka kiwandani hivyo."

"Wewe unadhani wamezisokota kwa urembo?"

Halafu akaanza kunieleza, na nilitega sikio kama sikuwahi kutega sikio kwake maishani. Kwenye nguzo za simu za reli, akasema, mazungumzo mamoja yalikuwa yanahitaji nyaya mbili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Nyaya mbili zikikimbia maili nyingi pembeni ya nyaya nyingine mbili, mazungumzo yanavuja kutoka huku kuingia kule. Kwa hiyo kila baada ya nguzo kadhaa walikuwa wanazipishanisha, wa kulia unakwenda kushoto, wa kushoto unakuja kulia, ili mnong'ono wa jirani ukiingia huku uingie na kule, ujifute wenyewe. Fundi mmoja mgeni aliwahi kurudishia laini iliyoanguka bila kufuata mpangilio huo, akachukua waya mmoja wa mazungumzo haya na mmoja wa yale. Simu zililia sawasawa. Lakini kwa wiki nzima karani wa stesheni moja alikuwa anasikia mipango ya posa ya binti wa karani mwenzake, na alikuwa wa kwanza kuwapa hongera, kabla hata mama mzazi hajaambiwa.

"Baba akaja kutengeneza?" nikauliza, maana tangu utoto namwita baba hata ninapoongea naye habari zake.

"Nilitembea siku mbili," akasema. "Mchana wa pili nikaikuta. Nguzo ilikuwa inaonekana toka kwenye jiko la mama yako."

Niliingia mtandaoni kwa simu nikatafuta. Ilikuwa kama alivyohisi. Kompyuta haijali uzuri wa mpangilio. Jozi yake ya pili inaitafuta kwenye nafasi ya tatu na ya sita, na pale mimi nilikuwa nimeweka waya mmoja wa jozi ya kijani na mmoja wa jozi ya bluu. Waya ulifika, ndiyo maana taa nane ziliwaka. Lakini haukufika na mwenzake. Kwa umbali mfupi labda ingevumilia. Kwa ua mzima, na mzigo wa picha, mawasiliano yalikuwa yanapotea njiani. Ile video niliyofundishiwa nikaitazama upya. Mtu yule alikuwa amesema waziwazi kwamba kijani lazima itengane, bluu ikae katikati yake. Nilikuwa nimemsikia, nikaona anakosea.

Tulikuwa na vichwa vitano vilivyobaki. Cha kwanza nilikiharibu kwa haraka zangu. Vidole vya baba vinatetemeka siku hizi, kwa hiyo kazi ya mikono ilikuwa yangu na yeye akashika zamu ya kuita, kama mwalimu wa darasa mwenye kitabu cha mahudhurio.

"Nyeupe ya chungwa."

"Yupo."

"Chungwa."

"Yupo."

"Nyeupe ya kijani."

"Yupo."

"Bluu."

"Huyu ndiye mgeni. Yupo."

Tulipofika kahawia wote wawili tulikuwa tunacheka kiasi kwamba nyaya zilichomoka, tukaanza upya. Nikabana upande wangu. Tukatembea hadi dukani, nikabana upande wa pili mbele ya jirani, aliyekuwa ameacha mteja asubiri. Tukarudi. Njiti ya kiberiti ikarudi mahali pake, maana tundu lile lilikuwa limelegea kweli, hiyo ilikuwa haki yangu na sikuiachia.

"Weka mzigo mzito," baba akaamuru. "Mzito kabisa."

"Upi?"

Akafikiri. "Treni," akasema.

Nikatafuta video ya treni, iliyorekodiwa na mtu aliyeketi mbele pamoja na dereva, na nikaipandisha ubora hadi mwisho. Treni ikaondoka stesheni ya nchi nisiyoijua. Ikapita daraja, ikaingia handaki, ikatoka. Dakika tano. Kumi. Baba hakuwa anatazama reli. Alikuwa anatazama nguzo zilizopita pembeni, akizihesabu kwa kidole gotini. Jirani alikuja na kikombe chake, akaketi. Treni ilipofika mwisho wa safari tulikuwa watu watatu kitandani, na hakuna aliyetaka kushuka. Nikaweka nyingine. Tulitazama treni tatu.

Jumanne mama wa theluji aliongea saa nzima bila kukwama, akanisimulia jinsi alivyompigia mama wa mkwewe huko Tanga na kumtolea shikamoo, na jinsi walivyopishana kuhusu nani mkubwa hadi ikabidi kila mmoja ataje mwaka aliozaliwa. Mama wa Tanga ndiye mkubwa, kwa miezi minne. Alinitaka nimpelekee baba salamu hizo neno kwa neno.

Siku hiyo hiyo nilimpigia muuzaji wa Moshi. Nilikuwa nimejiandaa, nimeandika na vidokezo.

"Mama," akasema kabla sijafungua mdomo, "ilete tu, nitakubadilishia."

"Siirudishi. Nimekupigia kukuomba radhi. Ilikuwa waya."

Kisha nikasikia anamwita mtu pembeni: "Njoo, njoo usikie! Mpare ameomba radhi!" Wakacheka wawili, nikacheka na mimi, na akaniahidi kitufe cha herufi A siku nitakayopita Moshi. Sikumwambia kwamba siku hizi nakipenda kilivyo.

Baba, aliyekuja kwa siku mbili, alikaa kumi na moja. Daktari alishamaliza naye siku ya tano. Asubuhi alikuwa anakwenda dukani kuona kama kuna waya wowote wenye malalamiko. Alitengeneza redio ya fundi cherehani wa barazani, akaikagua kengele ya shule yetu bila kuombwa, na mkuu wangu wa shule akamshukuru kwa barua. Mama alipiga simu mara mbili kuuliza kama maharage ayavune peke yake. Mara ya pili baba aliniashiria kwa mkono niseme amelala, ilhali ilikuwa saa nne asubuhi na alikuwa juu ya ngazi.

Alipoondoka aliomba mabaki ya bunda la waya. Nikampa, na koleo nikampa. Alipanda gari la milimani na ule mzunguko wa waya begani, akiwa wima.

Wiki iliyofuata mama akanipigia.

"Mwanangu, umemfanya nini baba yako?"

"Kwani vipi, mama?"

"Ametandika waya toka jikoni mpaka shambani, kwenye migomba. Ameweka kengele ya betri. Anasema nisimwite tena kwa kelele, nibonyeze."

"Inafanya kazi?"

Nikasikia mlango wa jiko, kisha nyayo zake. "Sikiliza," akasema, na kwa mbali, ndani ya simu, ng'ambo ya shamba la maharage, kengele ikalia mara mbili. Halafu sauti ya baba ikatoka huko migombani, kubwa, ya furaha, ikiitika kwa mdomo kama siku zote, na mama akaanza kucheka hadi akashindwa kuniaga.